Vijana wangu wa mpunga wanaogopa malaria tu, mkojo wa damu wanaona kawaida. Nifanyeje wakuu?

Mzee wa Majaruba:
Habari za jioni wakuu, walionizidi umri shikamooni. Mi nalima mpunga huku bonde la Kilombero, upande wa Mlimba, ekari 11 za kukodi, na kila msimu nachukua vibarua kumi na mbili kumi na tatu hivi, wengi wanateremka na treni ya TAZARA toka Makambako, wengine Makete na Lupembe huko baridini. Wanakaa shambani kabisa maana toka barabarani mpaka kwenye majaruba ni mwendo wa masaa mawili na mvua ikinyesha hata bodaboda haifiki, kwa hiyo tunajenga vibanda vya nyasi na turubai juu, na wale wa kuamia ndege wanalala huko huko kwenye dungu mpaka tunavuna.

Sasa kisa chenyewe. Wiki iliyopita nimeamka alfajiri nikamkuta kijana mmoja wa miaka 19 anakojoa pembeni ya tuta, mwanzo mkojo wa kawaida, mwishoni ukatoka mwekundu kama juisi ya rozela. Nikashtuka, nikamuuliza we vipi? Akacheka. Eti mzee mbona hii kawaida, ilinianza mwaka jana nilivyorudi nyumbani ikapotea ikarudi, hata fulani anayo. Na huyo fulani akaitikia kabisa! Wenzake wakaanza kumtania kwamba ndo ameshakuwa mwanaume. Yaani watu kumi na mbili pale hakuna hata mmoja aliyeona kwamba huo ni ugonjwa. Lakini kijana huyo huyo kichwa kikimgonga kidogo tu anatafuta dawa mseto ya malaria, anazo mbili tatu kwenye mfuko wa shati, zimetoka kwenye dozi ya nani hata yeye hajui.

Nimehubiri mpaka nimechoka. Nimenunua gambuti pea sita, zote zimetundikwa kwenye mti buibui wameshajenga humo. Nimegawa neti, moja nikaikuta inavulia kambare kwenye mfereji, nyingine imefunika kitalu ndege wasile mbegu. Saa sita jua kali wote wanajitupa kwenye mfereji kuoga.

Swali langu: hivi hawa watu hatari wanaipimaje? Na nyie mnaolima kwa vibarua mnafanyaje, maana nikisema niwapeleke wote hospitali siku moja ni hela na kazi inalala, na palizi haisubiri mtu. Naomba kuwasilisha.

Kijiwe Nongwa:
Mzee samahani lakini na wewe, umewahi kupandikiza na gambuti kwenye tope la magoti? Vaa wewe kwanza nusu siku tu alafu urudi hapa utuambie.

Mzee wa Majaruba:
@Kijiwe Nongwa sijavaa, nakubali.

Kabwela wa Reli:
Mkuu mi nikujibu kama mtu aliyekuwa upande wa pili, nimepiga vibarua miaka tisa, mpunga huko huko bondeni, miwa nimekata, tumbaku Urambo misimu miwili, sa hivi nina kibanda changu cha chipsi namshukuru Mungu.

Kibarua ugonjwa anaupima kwa kitu kimoja, je utanilaza? Malaria inakulaza. Ukilala siku tatu ngwe yako anapewa mwingine, na hela hulipwi maana kule hakuna mshahara kuna ngwe, umemaliza umelipwa hujamaliza pole. Ndo maana malaria tunaiheshimu. Huo mkojo wa damu unauma kidogo mwishoni lakini jembe unashika kama kawaida, kazi unaenda, sasa kwa nini mtu apoteze siku? Piga hesabu ya kwetu: boda kwenda na kurudi elfu 20, siku nzima hujafanya kazi, ukifika foleni, ukipimwa unaambiwa una malaria na UTI (kila mtu ana UTI nchi hii siku hizi sijui ni fasheni), unarudi na mfuko wa vidonge na deni. Na hela yenyewe bosi anatoa mwisho wa kazi, katikati hapo unaishi kwa unga wa kukopa kwake. Sasa utamwambia bosi nikopeshe elfu 30 nikapime mkojo? Atakuona unatafuta njia ya kutoroka.

Kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii, nilikuwa nayo, nimelipa 30,000 ya kaya kule kwetu, nilivyoumwa nikiwa mkoa mwingine dirishani nikaambiwa haisomi. Toka siku hiyo nikaacha kuibeba, nikaiweka nyumbani kwenye sanduku na cheti cha ubatizo.

Na hivyo vidonge vya mfukoni ngoja nikwambie vinatoka wapi. Dozi ya mseto ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne, siku tatu. Siku ya pili jioni unajisikia mzima, vimebaki nane. Unavimeza vya nini na wewe umepona? Unaweka akiba, kesho mwenzako akishikwa usiku unampa vinne, ndo undugu wetu kule. Najua ni makosa, najua sasa, ila wakati ule aliyekuwa na akiba ya mseto kwenye banda alikuwa anaheshimika kuliko nyapara.

Tumbaku ndo usiseme. Unavuna majani asubuhi yana umande, shati limelowa chapachapa, saa nne unaanza kizunguzungu unatapika mpaka nyongo. Bosi anasema hujala huyo. Kumbe ile sumu ya tumbaku inapita kwenye ngozi ukiwa umelowa, mi nimekuja kuambiwa nimeshaacha kazi. Tulikuwa tunakunywa maziwa tukidhani yanasafisha, kama tulivyokuwa tunakunywa tukimaliza kupuliza dawa na bomba la mgongoni. Kichwa kinauma hivyo hivyo na maziwa yako tumboni.

Kwa hiyo mzee wangu usiwahubirie. Wanajua. Hawana nafasi tu.

Mtu wa Maabara:
Nimesoma uzi wote nimecheka na nimesikitika. Mi kazi yangu ni kuangalia mikojo ya watu kwenye darubini, kwa hiyo niongee ya kwangu.

Mzee huyo kijana ana kichocho mpaka ithibitike vinginevyo, na damu kutoka mwishoni mwa mkojo ni dalili yake kabisa ya kichocho cha mkojo. Hiko cha tumbo kimejaa zaidi kanda ya Ziwa. Hakuna cha kuwa mwanaume hapo, ni mayai ya minyoo yanachana kibofu ili yatoke. Ukikiacha miaka kibofu kinakakamaa, figo zinaharibika, na kuna wanaoishia na saratani ya kibofu. Kabwela amesema kweli kwamba hakilazi mtu, kitakuja kumlaza akiwa na miaka 45 na hapo hakumbuki hata alilima kwa nani.

Kuna jambo moja la masaa. Konokono wa kichocho wanatoa majini vile vidudu vinavyopenya ngozi ya mtu, na wanavitoa kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hivi mpaka saa nane mchana, ndo muda ule ule vijana wako wanajitupa mferejini. Na mayai kwenye mkojo nayo yanatoka kwa wingi muda huo huo! Kwa hiyo ukiwaleta kupima usiwalete alfajiri kwa sababu unawahi kazi, walete saa nne kwenda mbele, na wapige mruko mruko kidogo au watembee kabla ya kutoa mkojo, mayai yataonekana. Wengi wanakuja saa moja asubuhi wanapimwa hawaonekani na kitu wanarudi wanasema daktari kasema sina.

Dawa ni prazikwanteli, inatolewa mara moja kwa uzito, mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600, ale kwanza ashibe maana inachefua na tumbo linasokota. Ila inaua minyoo iliyokomaa tu. Aliyeingiwa wiki mbili zilizopita dawa haimsaidii kwa hiyo minyoo michanga, ndo maana ningekuwa wewe huyo anayekojoa damu atibiwe sasa, alafu kikosi kizima kipimwe tena wiki nane hivi baada ya kutoka majini, yaani msimu ukiisha wasipotee na hela zao.

Kinachoniuma mimi ni kwamba zile kampeni za kumeza dawa za kichocho, unapimwa urefu na kile kijiti wajue vidonge vingapi, ziko shuleni. Kijana aliyemaliza la saba akaja kulima hakuna anayemtafuta. WHO toka 2022 wanasema wapewe na watu wazima pia kwenye maeneo yenye ugonjwa ila huku kwetu bado naona watoto tu.

Na vijana wa Makete na Njombe nina neno nao. Huko kwao malaria karibu hakuna, mwili haujaizoea, wakishuka bondeni siku ya kumi mpaka ya kumi na nne ndo wanadondoka, na wanadondoka vibaya. Alafu kuna wanaoumwa wakiwa wamesharudi, zahanati ya kule baridini mtu ana homa wanamtibu nimonia, wanamtibu taifodi, siku nne zimeisha. Waambie wakirudi wakaumwa, neno la kwanza dirishani liwe "nilikuwa bondeni nalima mpunga". Neno hilo moja linaokoa mtu.

Mama Kitalu:
Kakangu wa maabara Mungu akubariki kwa kusema hilo la dirishani, mimi mbona nilikaa mwaka na nusu hakuna aliyeniuliza.

Kupandikiza mpunga nimeanza na mama yangu nikiwa darasa la nne. Unainama kutwa, kanga umekaza kiunoni, maji yako juu ya goti na ukichutama kupumzisha mgongo ndo umekaa ndani ya maji kabisa. Nilikuwa natafuta vibarua mpaka Mngeta huko na wenzangu. Nikaanza maumivu chini ya kitovu, uchafu, na samahanini wakubwa, nikikutana na mume wangu natokwa damu. Zahanati ya kwanza UTI, sindano siku tano. Ikarudi. UTI sugu, sindano tena. Mara ya tatu nikaambiwa ni magonjwa ya zinaa, mlete mwenzio. Hapo ndo nyumba ikawaka. Yeye anasema nimetoka nayo kwenye vibarua, mi nasema ni yeye. Akahamia kwa kaka yake miezi miwili, watoto wananiuliza baba yuko wapi.

Nimekuja kupona hospitali nyingine mbali, mama mmoja wa makamo, kabla hata hajaandika chochote akaniuliza mwanangu unafanya kazi gani? Nikasema napandikiza mpunga. Akaweka kalamu chini. Akanipima vizuri akaniambia hiki ni kichocho cha via vya uzazi, hukukipata kwa mwanaume, umekipata kwenye jaruba. Nilihesabu zile sindano nilizochomwa bure nikafika ishirini na tano nikaacha kuhesabu. Dawa nilimeza siku moja tu. Alinambia minyoo itakufa ila vidonda na makovu ya ndani vinaweza kuchelewa au visiishe vyote, na kweli bado siku zingine nasikia.

Mzee wa Majaruba umeandika vijana, vijana. Wanawake wanaokupandikizia ekari 11 hujawataja hata mara moja.

Mzee wa Majaruba:
Mama Kitalu umenipata pabaya. Wanawake huwa wanatoka kijiji cha jirani wanarudi kwao jioni, nikawa nawaona kama si wa kwangu. Pole sana kwa yaliyokukuta.

Kusini Hoyee:
Mnasahau panya nyie. Sisi wa Lindi tulijifunza 2022, mwezi wa saba, Ruangwa watu wakaanza homa na kutoka damu puani, mtaani kila mtu na lake, ebola, uchawi, watu wanaogopa hata kupeana mikono. Wagonjwa 20, watatu walifariki. Wizara ikatangaza kumbe ni homa ya mgunda, na mgunda si ndo shamba kwa lugha zetu nyingi za huku, yaani jina lenyewe lishakwambia liko wapi. Vimelea vinatoka na mkojo wa panya na wanyama wengine, vinakaa kwenye maji na tope, mguu ukiwa na mkwaruzo vinaingia.

Sasa jaruba lina panya kiasi gani? Na unga wa vijana mnauweka wapi, si ndo kwenye kiroba chini ya kitanda cha miti? Mtu akiwa na homa kali, macho mekundu, vigimbi vinauma hata ukimgusa, akapima malaria hana, msimwachie Panadol mkasema uchovu. Ikiwahiwa inatibika vizuri tu kwa antibayotiki. Ikipandisha manjano hapo ni mbio.

Kijiwe Nongwa:
Sasa mkuu hapo si bora arudi mjini auze maji ya kandoro, kila kitu ugonjwa 😂

Kusini Hoyee:
Na wewe wali utakula wa nani.

Binti Nyanda za Juu:
Shikamooni. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii mkoa wa Njombe, hao vijana mnaowapokea ndo tunaowaaga huku. Kuna kitu hakijasemwa na naelewa kwa nini.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 Njombe maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7, nchi nzima 4.4. Kwa hiyo kwenye banda la watu kumi na tatu toka kwetu, hesabu mwenyewe, na hakuna atakayekwambia. Wanaomeza dawa wanasafiri nazo, na vijana wanavyozificha nimeona kwa macho yangu. Kopo linalia ukilitikisa, kila mtu anajua mlio ule, kwa hiyo wanavimwaga kwenye mfuko wa nailoni, wanavizungushia soksi. Sasa kwenye kibanda cha turubai mvua inavuja vidonge vinalowa, au ikifika saa tatu usiku wenzake wote wako macho wanacheza karata anaahirisha, keshokutwa ameacha. Mmoja alinambia dada kuliko nimeze mbele yao bora homa ya malaria inishike, ile wenzangu wananionea huruma.

Mteja aliye imara anapewa dawa za miezi mitatu mpaka sita kwa hiyo msimu mzima unatosha, waje tu kliniki kabla ya treni. Mzee wa Majaruba sikuombi umuulize mtu, usiulize kabisa! Ila ukiweka kasanduku kila mtu kake na kufuli, useme ni ka kutunzia simu na hela, utakuwa umesaidia mtu bila kumjua.

Kabwela wa Reli:
Hiyo ya soksi imenikumbusha mtu. Alikuwa analala karibu na mlango kila banda tukihamia, tulidhani anapenda upepo.

Mtu wa Maabara:
Kuhusu neti niongezee. Neti ni lazima lakini vijana wanang'atwa kuanzia magharibi wanapopika na kupiga stori nje, na wale wa kuamia wanadamka kabla hakujakucha. Ifakara pale watafiti walishajaribu na hawa hawa wakulima wa vibanda vya msimu, waliweka utepe wa gunia la mkonge uliolowekwa dawa ya kufukuza mbu kuzunguka kibanda, na mbu walipungua. Madukani sijauona bado. Kwa sasa suruali ndefu jioni na neti ining'inizwe hata kwenye dungu, miti minne inatosha.

Mzee wa Majaruba:
Wakuu narudi na mrejesho, zimepita siku kumi na saba.

Niligawa watu makundi mawili, siku mbili tofauti, nikatangaza siku ya kupima inalipwa nusu ngwe na boda juu yangu. Ile nusu ngwe ndo iliyofanya kazi, siku ya kwanza waliamka kabla yangu wamejipaka mafuta kama wanaenda ndoani. Nikawafikisha saa tano kama alivyosema Mtu wa Maabara, nikawarusha rusha nje ya zahanati, watu wakawa wanatushangaa. Kumi na wawili walipimwa, watano wana kichocho, mmoja aligoma kutoa mkojo na sikumlazimisha. Wamemeza. Yule wa miaka 19 alitapika kidogo ila siku ya sita hivi akaniita tena pembeni ya tuta, eti mzee njoo uone. Nikaenda kuangalia mkojo wa mtoto wa watu, umri wangu huu. Mweupe.

Akina mama wanaopandikiza nao nimewaambia kwa kupitia mke wangu maana mimi ningeanzia wapi. Wanne walikwenda. Majibu yao sijauliza.

Visanduku nimetengenezesha kumi na tatu kwa fundi wa madirisha, mbao za mabaki, kufuli za kichina. Hakuna aliyeuliza vya nini.

Kuoga nimeshinda kwa njia ambayo sikuitegemea. Nimenunua mapipa matatu ya lita 200, tunajaza maji ya mfereji yanakaa siku mbili ndo yanatumika, maana niliambiwa pale maabara kwamba vile vidudu vinakufa vyenyewe vikikaa hivyo. Nikatoa maelezo yote ya konokono wakaniangalia tu. Siku ya tatu nakuta wanagombania zamu. Kumbe maji yakishinda juani kwenye pipa jioni yanakuwa ya vuguvugu, na hawa watu wa Makete toka wazaliwe hawajawahi kuoga maji ya moto bila kuchanja kuni. Mferejini haendi mtu.

Mtu wa Maabara:
Safi sana mzee. Ila funika hayo mapipa, mbu watataga humo.

Mzee wa Majaruba:
Nimeshafunika, na ile neti ya kambare.